Siri ya Sehemu ya Nne: Mwongozo wa Kumpa Mhusika Zamani Isiyowahi Kutajwa

Sehemu ya kwanza ilipendwa, ya pili ikauzika, ya tatu ikamzika steringi, na sasa prodyuza anataka ya nne. Mtunzi anakaa na daftari jeupe, na wazo linalomjia ni lile lile: kumbe mhusika alikuwa na ndugu, au mke, au kosa la zamani, ambalo hatukulisikia hata siku moja. Wazo lenyewe halina ubaya. Huharibika pale watazamaji wanapokaa barazani Mikunguni, mmoja akauliza, "Na huyu siku zote alikuwa wapi?" na filamu ikawa haina jibu.

Kazi yote iliyomo humu ni ya kuliandaa jibu hilo mapema. Tutakwenda na mfano mmoja wa kubuni tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu makosa ya aina hii hayaonekani mpaka uyaone ndani ya majina, miaka na fedha.

Mfano ni huu. Faki Hamadi ni nahodha wa Mkokotoni. Sehemu ya kwanza inatokea 2014, ana miaka 58, ana mke, Bi Raya, waliyeoana 1988, na binti, Zuhura, wa miaka 24. Kila mtu anamjua kwa jambo moja: havuki mkondo wa Nungwi kwenda Pemba, hata bahari iwe shwari kama maji ya kisimani. Mzigo wa Wete humpa nahodha mwengine. Sehemu ya pili, 2016, anamwoza Zuhura, na kila mwisho wa Ramadhani anampa mdogo wake, Makame, bahasha "ya deni". Sehemu ya tatu, 2019, anaugua. Kitandani anatamka "subira" mara tatu, na mkewe anamjibu, "N'nayo, baba Zuhura." Anafariki, nyumba inagawiwa. Sehemu ya nne inatokea 2022, na mtunzi anataka kusema kwamba Faki aliwahi kuoa Pemba.

Hatua ya 1: Daftari la mwendelezo

Usianze kuandika chochote kabla hujaziangalia filamu zote upya. Ziangalie filamu zenyewe, usitegemee skripti zake. Waigizaji wetu hutia maneno yao, mwongozaji hukata, na kilichobaki kwenye skripti si kile alichokisikia mtazamaji. Kaeni wawili: mmoja anasimamisha picha, mwengine anaandika. Filamu ya dakika 90 ikifanyiwa hivyo vizuri haiishi chini ya saa 4, kwa hiyo filamu tatu ni kazi ya siku mbili. Hesabuni hizo siku ndani ya bajeti, kwa sababu kosa likigunduliwa kwenye uhariri, gharama yake ni kurudi lokesheni na watu wote.

Daftari liwe na safu nne: filamu, dakika na sekunde, kilichosemwa au kilichoonekana, na alama. Alama ni tatu. Msumari ni jambo lililosemwa au kuonyeshwa bila shaka yoyote: ndoa ya 1988, kaburi la Faki, nyumba iliyogawiwa. Uzi ni jambo lililosemwa na mtu anayeweza kuwa amedanganya, amekosea, au hakujua. Tupu ni pahali ambapo hakuna aliyegusa: Faki alikuwa wapi kabla ya 1988? Hakuna filamu iliyosema. Msumari haung'olewi. Uzi unavutika. Tupu ndipo unapojenga.

Andika pia vitu vinavyokaa nyuma ya waigizaji: picha za ukutani, kalenda, maandishi ya kanga, jina kwenye fomu ya hospitali, tarehe kwenye cheti. Picha ya familia iliyotundikwa sebuleni katika sehemu ya kwanza, yenye watoto wawili kwa sababu mtu wa seti aliiazima kwa jirani, inaweza kukuvunjia hadithi nzima au kukuokoa.

Katika mfano wetu daftari linatoa sentensi moja ya hatari. Dakika ya 31 ya sehemu ya kwanza Faki anamwambia abiria, "Sina mwana ila Zuhura." Ni uzi au msumari? Ni uzi, kwa sababu ni kauli ya mtu mmoja juu ya nafsi yake. Lakini ni uzi mnene, na tutaurudia.

Hatua ya 2: Hesabu ya umri

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na sababu karibu kila mara ni mwigizaji. Prodyuza ana kijana wake wa miaka 30 anayetaka kumtia. Basi mtoto wa Pemba awe na miaka 30 mwaka 2022, yaani kazaliwa 1992. Daftari linasema 1992 Faki yuko Muscat, kwani sehemu ya pili ilieleza kwamba alikuwa huko 1990 hadi 1995. Mtoto hapatikani kwa barua.

Chora mstari mmoja mrefu kwenye karatasi, uandike miaka juu na umri wa kila mhusika chini yake. Faki kazaliwa 1956. Akiwa Wete 1984, ana miaka 28, umri unaofaa kwa baharia aliyeoa na anayesafirisha karafuu. Mtoto akizaliwa 1985, mwaka 2022 ana miaka 37. Tafuta mwigizaji wa miaka 37. Tarehe isije ikapindwa kwa ajili ya uso wa mtu.

Hatua ya 3: Vishikizo

Kishikizo ni kitu kilichokwisha kuonekana katika filamu za mwanzo, ambacho zamani mpya inakipa maana ya pili. Si lazima mtunzi wa mwanzo awe alikikusudia. Kanuni tunayoifuata: vishikizo vitatu, na viwe vimetawanyika, visitoke vyote filamu moja. Vikipatikana viwili, endelea kwa tahadhari. Kikipatikana kimoja au hakuna, tupa wazo, tafuta jengine. Utakuwa umembebesha mhusika mzigo usiokaa mgongoni.

Faki tunavyo vitatu. Kwanza, mkondo asiouvuka: watazamaji walidhani anaogopa bahari, kumbe anaogopa Wete. Pili, bahasha ya Ramadhani. Tatu, na hiki ndicho kizuri kuliko vyote, neno alilolitamka kitandani. Subira ni jina la mwanamke pia, na ndilo tunalompa mke wa Pemba. Mtunzi wa sehemu ya tatu alikusudia saburi tu, Bi Raya naye akaelewa hivyo, na kila mtazamaji aliyelia ukumbini akaelewa hivyo. Kiswahili chenyewe kimekuhifadhia mlango. Kabla ya kubuni kitu kipya, pitia mazungumzo ya zamani ukitafuta maneno ya namna hii: Subira, Shida, Mashaka, Tatu, Riziki. Majina yetu mengi ni maneno ya kawaida, na watunzi wa lugha nyengine wangelipa fedha kupata bahati hiyo.

Pima kila kishikizo kwa swali moja: mtu akirudi kuiangalia ile filamu ya zamani baada ya kuiona mpya, je, tukio lile linakuwa tamu zaidi au linakuwa la kijinga? Mkondo unakuwa mtamu zaidi. Lakini kama sehemu ya pili Faki angelikuwa amekwenda Pemba kwa furaha kwenye harusi, tukio hilo lingelikuwa la kijinga, na siri yote ingelikufa.

Mfano wa nje unafaa hapa. Mfululizo wa Fast & Furious ulianza 2001, na katika filamu hiyo ya kwanza Dom anaeleza jinsi babaake alivyokufa kwenye mbio za magari. Miaka ishirini baadaye, filamu ya tisa inarudi kwenye ajali ile ile na kumleta ndugu, Jakob, aliyekuwapo siku ile. Kishikizo ni kizuri: kifo kile kilikuwa msumari, nao hawakuung'oa, waliuzungushia mambo mengine. Tatizo lao liko kwengine. Filamu nane zimepita watu wakihubiri familia mezani, na si Dom wala dada yao Mia aliyewahi kulitaja jina la ndugu yao. Kishikizo kimoja hakitoshi kufunika kimya cha watu wawili.

Hatua ya 4: Kimya ni cha nani?

Siri isiyo na mwenyewe si siri. Ni usahaulifu wa mtunzi. Kwa kila mhusika aliye hai katika mfululizo andika mistari mitatu: alijua au hakujua, kama alijua, kimya kilimfaa nini, na kitu gani sasa kinamlazimisha aseme. Mstari wa pili ukiandika "kwa sababu hakuna aliyemuuliza", rudi nyuma. Kwa watu wetu, sitara ni sababu nzito na ya kweli, mtu atamsitiri nduguye mpaka kaburini. Lakini sitara ina bei, na filamu lazima ionyeshe nani aliyeilipa.

Sasa ule uzi mnene: "Sina mwana ila Zuhura." Kauli inayogongana na zamani mpya ina tiba tatu. Ama msemaji alidanganya kwa sababu inayoeleweka, ama alikosea kwa kutojua, ama alisema kweli nusu. Tiba ya nne, ya kujifanya kauli haikusemwa, usiiguse. Watu wana filamu zako kwenye simu.

Kweli nusu ndiyo tamu zaidi, ila angalia lugha. Mwaka 1989, katika filamu ya tano ya Star Trek, Spock, ambaye watu walimjua tangu 1966 kwenye televisheni, anatokewa na Sybok, mtoto wa babaake kwa mama mwengine. Rafiki yake anamkatalia kwamba hana ndugu, naye anajibu kwamba hilo ni kweli, kwani huyu ni ndugu wa nusu. Kwa Kiingereza ujanja huo unapita. Kwetu haupiti. Mtoto wa baba mmoja ni ndugu kamili, mtoto wa ami ni ndugu, na hata aliyenyonya ziwa moja na wewe ni ndugu. Mzanzibari akisema "sina ndugu" wakati anaye wa baba, huo ni uongo mtupu. Kweli nusu yetu lazima iwe finyu zaidi: "Tumbo la mama nimezaliwa peke yangu." Andika hivyo, na mtazamaji hatakuona mjanja wa bure.

Kwa Faki tunachagua tiba ya pili: hakujua. Mwaka 1984 alikuwa akipitisha magendo ya karafuu, wakati ambapo mnunuzi halali alikuwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, peke yake. Usiku mmoja mzigo ukakamatwa. Shaame, kaka wa Subira, akashikwa. Faki akakimbia na mashua. Akamtuma Makame arudi Wete na talaka. Makame akamkuta Subira ana mimba, akarudi, akasema, "Nimempa," basi. Bahasha za Ramadhani Faki alizituma kwa Shaame, fidia ya miaka yake ya jela, na Makame alizila.

Angalia lililotokea. Faki hakuwa mwongo, kauli yake kwa abiria imebaki salama, na kimya kimepata mwenyewe: Makame. Zaidi ya hapo, Makame yu hai na Faki amekufa. Katika filamu za mwisho za mfululizo mara nyingi mwenye siri ameshafariki, au mwigizaji wake hayupo tena, na mtunzi hulazimika kuazima ulimi mwengine. Azima wa yule aliyefaidi na kimya. Mzee mwema anayejua kila kitu na kukieleza chote kwa mkupuo ni ulimi wa kivivu.

Hatua ya 5: Pitisha siri kwenye mirathi, ndoa na ubini

Miongozo ya kigeni haina hatua hii, na filamu za Zanzibar zinaanguka hapa kuliko pahali pengine popote. Ukimzalisha mtu mpya katika familia ya Kiislamu, umegusa sheria zinazojulikana na kila bibi aliyekaa ukumbini.

Anza na mirathi. Tuseme nyumba ya Faki ilikuwa na thamani ya shilingi milioni 96. Katika sehemu ya tatu warithi walikuwa mke, binti mmoja na ndugu wa kiume. Mke alipata thumni, milioni 12. Binti nusu, milioni 48. Zilizobaki, milioni 36, alichukua Makame. Sasa anatokea mtoto wa kiume, Khamis, mwana wa Subira. Mke habadiliki, milioni 12 zake ziko pale pale. Milioni 84 zilizobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: Khamis milioni 56, Zuhura milioni 28. Makame hapati hata senti, kwa sababu mtoto wa kiume humzuia ami.

Hesabu hiyo ni injini ya filamu nzima. Makame ana sababu ya milioni 36 ya kunyamaza. Zuhura, steringi wetu wa sehemu hii ya nne, akiifichua kweli anapoteza milioni 20. Hakuna monolojia itakayozidi hapo.

Lakini Khamis harithi kwa damu peke yake. Lazima iwepo ndoa sahihi. Kwa hiyo filamu lazima ionyeshe ushahidi: cheti, au mashahidi wawili walio hai. Hayo ndiyo mambo ya kuyatafuta katika nusu ya pili ya hadithi. Talaka ya mke mwenye mimba pia ina hukumu yake, eda yake humalizika kwa kuzaa, na hilo mtazamaji atalipima dhidi ya tarehe zako.

Walii. Kama sehemu ya nne inaanza na Zuhura akiolewa mara ya pili na Makame ndiye walii, basi kuwapo kwa kaka wa baba mmoja aliye baleghe kunageuza mambo, kwani kaka hutangulia ami. Hapo unaweza kupata tukio zuri sana. Unaweza pia kuivunja ndoa ya steringi wako bila kujua.

Na kuhusu kunyonya: tukio la kufichua kwamba mke na mume walinyonya ziwa moja linapendwa na watunzi, nalo ni bomu. Ndoa yao haitengenezeki tena. Kama hutaki kuitengua familia iliyojengwa kwa filamu tatu, acha.

Jina nalo. Mzanzibari hubeba jina lake, la babaake na la babuye. Ndugu wa baba mmoja aliyefichwa anatembea na siri yake kwenye kitambulisho: Khamis Faki Hamadi. Mtunzi asiyekumbuka hili humpa jina la kubabaisha, kisha watu wanauliza. Ukitaka ndugu afichike kwa miaka bila jasho, mfanye wa mama mmoja, ubini wake utakuwa mwengine kabisa. Kumwita mtoto kwa ubini wa asiyekuwa babaake ni jambo zito kidini. Likiwamo ndani ya filamu, awepo mtu wa kulikemea. Skripti ikifika hapa, mpelekee mtu wa elimu ya fiqhi aisome kurasa hizo tu. Ni saa moja ya kazi yake, nayo ifanyike kabla skripti haijapelekwa Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, kwani kosa la mirathi ukilirekebisha baada ya hapo, unarekebisha hadithi yote.

Hatua ya 6: Dozi

Mpangilio unaofanya kazi ni huu: athari, kitu, jina, mtu, sababu. Mtazamaji aone kwanza kwamba kuna jambo, kabla hajaambiwa ni jambo gani.

Katika filamu ya dakika 100, athari iingie ndani ya dakika 10 za mwanzo: Makame anaikataa safari ya Pemba kwa ukali usiolingana na safari yenyewe, kama alivyokuwa nduguye. Kitu, karibu dakika ya 18: daftari la mizigo la 1984 ndani ya sanduku la Faki. Jina, dakika ya 25 hivi: Zuhura yuko hospitali Chake Chake kwa shughuli zake, anaiona fomu mezani imeandikwa Khamis Faki Hamadi. Picha moja, sekunde nne, hakuna anayesema kitu. Mtu, kabla ya dakika ya 45. Nusu ya kweli, dakika ya 50, na iwe nusu yenye makosa: Zuhura aamini babaake alimtelekeza mwanawe kwa makusudi. Kweli yote, dakika ya 70 hadi 75. Usichelewe zaidi ya hapo, kwa sababu dakika 25 za mwisho ni za matokeo, na siri isiyokuwa na matokeo mtazamaji huisahau kabla hajafika kituo cha daladala.

Mazungumzo ya kufichua yana ugonjwa mmoja, nao ni watu kuambiana wanayoyajua. Hivi ndivyo isiandikwe:

Makame: "Shemegi, kama ujuavyo, mwaka 1984 marehemu kaka alioa mke wa Kipemba jina lake Subira, wakaachana."

Na hivi ndivyo inavyoweza kuwa. Bi Raya anakunja kanga, hamtazami:

"Shemegi. Subira ndiye nani?"

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kalitaja mara tatu, nami nikimjibu n'nayo."

Hakuna mwaka, hakuna Pemba, hakuna ndoa, na Makame kwa kuuliza "nani kakwambia" ameshakiri. Yaliyobaki yasemwe na daftari la mizigo, cheti na uso wa Khamis.

Usiunganishe kila kitu. Mtunzi akionja utamu wa vishikizo hutaka kuonyesha kwamba hata dhoruba ya sehemu ya kwanza na wizi wa sehemu ya pili vilitoka kwa mtu yule yule. Filamu ya James Bond ya 2015, Spectre, ilifanya hivyo: maadui wa filamu tatu zilizotangulia, za 2006, 2008 na 2012, wakawa vibaraka wa mtu mmoja, na mtu huyo akawa mtoto wa mlezi wa Bond utotoni. Dunia nzima ikawa ndogo kama kiambo kimoja. Siri ieleze mambo matatu. La nne liache libaki lilivyo.

Hatua ya 7: Kupiga picha ya zamani

Mbinu rejeshi, yaani matukio yanayomrudisha mtazamaji nyuma, zisizidi tatu, kila moja chini ya dakika mbili. Zikizidi, unatengeneza filamu ya pili ndani ya filamu, na ile ya pili ndiyo yenye bajeti ndogo, kwa hiyo itaonekana.

Usimpake mwigizaji wa miaka 60 rangi nyeusi ya nywele ukamwita kijana. Tafuta kijana, mpe alama moja tu ya mzee: kovu la mkono, namna ya kufunga kikoi, kutumia mkono wa kushoto. Alama moja mtazamaji huishika. Tano huwa maigizo.

Chunguza mwaka. Ukipiga tukio la afisini Wete mwishoni mwa 1984, picha za ukutani ni Mwalimu Nyerere, Rais wa Muungano, na Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais wa Zanzibar kuanzia Januari mwaka huo. Picha ya Aboud Jumbe ikiwa bado imetundikwa, kuna wazee watakaoiona. Simu za mkononi hazikuwapo, kwa hiyo habari inasafiri na mtu kwenye chombo, na ndiyo maana uongo wa Makame uliwezekana. Karafuu juu ya majamvi utazipata wakati wa mavuno tu, na zao kubwa haliji kila mwaka. Panga tarehe za lokesheni kwa msimu, au piga picha za majamvi mapema uziweke.

Tuseme mbinu rejeshi ya pili ni Subira kuja Unguja kumtafuta Makame, Februari 2010. Unguja nzima haikuwa na umeme wakati huo: waya wa chini ya bahari kutoka Bara uliharibika Disemba 2009 na umeme ukarudi Machi 2010. Tukio la usiku lenye taa za barabarani Darajani litachekwa. Lenye vishumaa, koroboi na mngurumo wa jenereta litafanya watu ukumbini wanong'onezane, na linakuja kwa gharama ndogo. Na kama mama huyo anapita Forodhani, kumbuka Beit al-Ajaib ilikuwa bado imesimama na mnara wake. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Picha ya juu uliyoipiga juzi haifai. Tumia picha za karibu, uso na ukuta, au tafuta vipande vya zamani.

Vipande vya zamani ni hazina isiyotumika. Muulize mhariri wa sehemu ya kwanza kama bado anazo picha zilizoachwa nje. Sekunde 6 za Faki aliyetazama upande wa kaskazini, zilizokatwa 2014 kwa sababu hazikuwa na kazi, zinaweza kuwa picha bora ya sehemu ya nne. Zikague mapema: ukubwa wa picha, idadi ya fremu kwa sekunde, na rangi. Picha ya zamani yenye ukubwa mdogo ukiivuta ijae fremu mpya, itaparaganyika kwenye skrini ya Ngome Kongwe hata kama kwenye kompyuta iliridhisha. Pata pia ruhusa ya maandishi ya mwigizaji au warithi wake.

Filamu za zamani zenyewe usizirudie kuzihariri ili zikubaliane na mpya. Nakala zake zimeshatawanyika, na utabaki na matoleo mawili yanayobishana.

Hatua ya 8: Jaribio la baraza

Kabla ya kupiga picha, wasomeeni skripti watu watano: wawili walioziona filamu zote, wawili walioiona ya mwisho tu, mmoja asiyeona hata moja. Msieleze chochote kabla. Baada ya kusoma waulizeni, mmoja mmoja, maswali manne: lini ulianza kushuku? Nani aliyenyamaza, na kwa nini? Kuna kitu katika filamu za nyuma kimebadilika kwako? Na Zuhura angenyamaza, ungelimlaumu?

Walioziona zote wakishuku kabla ya dakika ya 15, umetoa kishikizo kwa nguvu mno. Kiondoe kimoja mwanzoni. Wakisema hawakushuku mpaka mwisho, hukukitoa cha kutosha, na ufichuzi utaonekana umeanguka kutoka darini. Asiyeona hata moja akikwama, usimwongezee maelezo ya mdomo. Mwongezee picha moja ya tabia ya Faki, kwa mfano mashua yake iliyofungwa upande usiotazama Pemba. Swali la pili likijibiwa "sijui" na watu wawili au zaidi, rudi hatua ya nne, usisonge mbele.

Swali la nne ndilo la kusikiliza kwa makini. Watano wote wakijibu kwamba wangelimlaumu, chaguo lake halina uzito: ongeza gharama, labda nyumba ile ndiyo anayoishi na wanawe. Wakigawanyika na kuanza kubishana mbele yako, wa kwanza akitaja sitara na wa pili akitaja haki ya yatima, chukua kalamu uandike wanavyosema, neno kwa neno. Mengi ya mazungumzo ya dakika 25 za mwisho yako humo.